Katikati ya Mti Uliokua Mteremkoni

Kipande cha mkahawa kilichokua kwenye miteremko ya Kyarumba kina katikati tatu, na kalamu nitakayoitoa humo inategemea nimechagua ipi. Ya kwanza ni ya rula: unapima upana wa uso wa kipande, unagawa kwa mbili, unatia alama. Ya pili ni kiini, ule uti laini ambao mti ulianza nao ulipokuwa mche. Ya tatu haipo bado. Ni pale litakapopita tundu la milimita 7 ambamo nitatia kibomba cha shaba ya njano, na ndani yake mrija wa wino. Kwenye mti uliosimama wima tambarare hizo tatu hukaribiana hata mtu asione tofauti. Kwenye mkahawa wa mlimani hutengana. Mti unaoinamia bonde hujijenga zaidi upande wa juu ili ujivute usianguke, na kiini hubaki kimesogea upande wa chini. Ukiukata ukautazama usoni, unaona mara moja kwamba maisha yake yalianzia hapa na mwili wake ukanenepea kule.

Swali ninaloliandikia aliniletea katekista wa upande wa Bwera, mzee aliyeanza kufundisha watu sala kabla mimi sijashika patasi. Alikuja karakana yangu hapa Kasese kuagiza kalamu za kuwapa wanafunzi wake watakaopata kipaimara, mvua ikamzuia, akakaa kwenye benchi akitazama ninavyotoboa. Kisha akasema, “Fundi, mtu aliyekua amepinda, Mungu akitaka kumnyoosha huanzia wapi?”

Hakuwa anapiga soga. Katika kigango chake kuna kijana aliyerudi kutoka msituni. Alichukuliwa akiwa mtoto, akakulia kwenye bunduki ng’ambo ya mpaka, akarudi, akapewa cheti chini ya Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000. Sasa anaomba ubatizo. Wapo waumini wasiotaka kukaa naye benchi moja, na mtu asikimbilie kuwalaumu. Waasi wa ADF waliivamia Mpondwe, jirani ya Bwera, tarehe 13 Novemba 1996, na Juni 2023 waasi hao hao wakaingia usiku Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, wakawaua wanafunzi katika mabweni yao. Anayezungumza juu ya kunyooshwa kwa watu mahali kama Bwera lazima azungumze akijua wazazi wa watoto wale wanamsikia.

Wazee husema samaki mkunje angali mbichi, na wanaomkataa kijana yule wanaiegemea methali hiyo: amekwisha kauka, hakunjiki tena. Kwa samaki sina neno. Kwa mti mambo ni kinyume kabisa. Wakulima wetu hukata mikahawa iliyochoka, kama sentimita 30 juu ya ardhi, kwa mkato wa mshazari ili maji ya mvua yateleze, wakangoja machipukizi mapya. Shina lililokatwa huwa kuni, na mimi hulinunua kabla halijafika jikoni. Likiwa bichi, biti huingia bila shida na tundu huonekana safi. Lakini mti hausinyai sawasawa pande zote. Maji yakishakwenda, tundu lililokuwa duara limebonyea, kibomba hakiingii, na ukikilazimisha unapasua kazi yako mwenyewe. Kwa hiyo naziba ncha za vipande kwa nta, navipanga darini, navisahau kwa miezi. Mti mkavu umeshamaliza kusogea. Umepinda kadiri utakavyopinda, na sasa ndipo unapoweza kujulikana.

Naamini hivyo hata kwa watu. Waliomchukua kijana yule walimtoboa akiwa mbichi, na ndiyo sababu walipenda watoto: ni rahisi kuwapenya. Kukauka kwake hakumfungii mlango. Ni mtu mzima sasa, ameona alichofanya, anaweza kusema neno na kulisimamia.

Kabla sijarudi kwenye mbao nilisoma falsafa kidogo seminarini, na jina la Immanuel Kant limebaki nami kwa sababu ya mti. Mwaka 1784, katika insha yake juu ya historia ya wanadamu wote, Kant alimlinganisha binadamu na mti uliopinda, akaona haiwezekani kutoa humo kitu kilichonyooka kikamilifu. Watu huikumbuka sehemu hiyo. Katika insha hiyohiyo alisema pia kwamba miti ya msituni hunyooka kwa sababu kila mmoja unaunyima mwenzake hewa na jua, hivyo yote hulazimika kuvitafuta juu, ilhali uliosimama peke yake hutanua matawi ovyo na kupinda. Kwake yeye, kusukumana huko ndiko kunakozaa utaratibu wa jamii.

Nina mti wa kumjibu nao. Mikaratusi imepandwa kwenye vilima vyetu kwa kusongamana, na kweli imenyooka. Tunaezekea nyumba kwayo na nguzo za umeme ni za miti hiyo. Lakini angusha mkaratusi, na hata kabla gogo halijatulia chini vichwa vyake vinaanza kupasuka. Nyuzi za nje zilikua zikivutwa, za ndani zikibanwa, na pande hizo mbili zilishikana tu kwa kuwa mti ulikuwa mzima. Ukichana ubao wake, hupinda msumeno ukiwa bado umo ndani. Kunyooka kwa namna hiyo nakujua kwa watu pia. Msituni kijana yule alikuwa amenyooka kuliko wote katika kigango chake: aliamka kwa amri, alisimama kwenye mstari, hakuiba wala hakunywa. Alipoondolewa kwenye mstari alipasuka. Tunaposema tunataka kumnyoosha, ni vizuri tuseme kama tunataka kunyooka kwa mkaratusi au kwa namna nyingine.

Fundi cherehani aliye mlango wa pili, Mwislamu asiyekosa sala, anasema kila mtoto huzaliwa juu ya fitra, umbile safi linalomjua Muumba wake, na kupinda humjia baadaye kwa malezi. Mimi nimelelewa katika mafundisho ya Augustino wa Hippo, Mwafrika mwenzetu wa pwani ya kaskazini aliyefariki mwaka 430: kupinda tunazaliwa nako, na neema isipotangulia hatuna cha kujivunia. Tumebishana juu ya hilo jioni nyingi, cherehani yake ikiwa imenyamaza na kerezo langu limezimwa. Sasa naona kila mmoja wetu alikuwa ameshika upande wake wa kiini. Kiini cha mkahawa ni laini, hakiwezi kubeba kitu, na nyufa huanzia humo. Hata hivyo hakuna mahali pengine kwenye uso wa mti panapokuonyesha ulianzia wapi. Jirani yangu yuko sahihi kwamba pale ndipo pa kuanzia. Augustino yuko sahihi kwamba pale penyewe hapatoshi.

Nieleze sasa ninavyofanya, polepole, kwa kuwa nilichomjibu katekista kimo humo.

Nakata vipande vifupi, vyenye kuzidi kidogo urefu wa kibomba, ambao ni sentimita 5 na kitu. Kalamu moja ina vipande viwili vinavyokutana kiunoni. Naweka alama ya penseli juu ya kiini, ncha hii na ncha ile. Alama hizo karibu kamwe hazitazamani. Kiini kimesafiri ndani ya mti kwa kufuata miaka ya jua na ya upepo, kikaingia mahali kikatokea kwingine. Nasimamisha ncha ya chuma ya kerezo juu ya alama ya kwanza, ncha nyingine juu ya alama ya pili, nakaza. Kipande kinakaa vibaya, kimejaa upande mmoja na kukonda upande wa pili. Nikiwasha mota kinatikisa meza nzima, maana uzito wake hauko pale ninapouzungushia. Naenda kwa mwendo mdogo. Patasi inagusa ule upande ulionenepa peke yake na kupiga hewa kwingine kote, tak, tak, tak, na kila mguso unaondoa kidogo cha kile mti ulichojijengea ili usianguke bondeni. Halafu mlio unaungana, unakuwa mmoja na mrefu. Hapo kipande kimekuwa duara kukizunguka kiini chake.

Kisha nakibana kwenye taya, na hapa nageuza utaratibu ambao mafundi wengi wameuzoea. Wao husimamisha mti wakazungusha biti. Mimi nazungusha mti, biti imesimama. Biti inayozunguka ndani ya mti uliotulia ikikutana na nyuzi laini upande mmoja, huelekea huko, na hakuna cha kuirudisha. Kosa la mwanzo linakuwa njia ya kufuata hadi mwisho. Mti ukizunguka, ule upande laini unaipitia biti kutoka kushoto, kisha juu, kisha kulia, kisha chini, na mvuto wa hapa unafutwa na mvuto wa kule. Watoboaji wa mitutu ya bunduki walilijua hili zamani, na inauma kusema kwamba ufundi wa tundu lililonyooka una deni kwa bunduki.

Natanguliza biti fupi, nene, isiyokubali kupinda, kufungua mdomo tu. Mdomo ukienda kombo kazi imeharibika pale pale. Baada yake ndiyo biti ya milimita 7, na inaingia kwa kusukumwa kidogo na kutolewa, kusukumwa na kutolewa, unga wake ukimwagika juu ya kidole changu. Unga ukiachwa ndani hujikaza, biti hupata moto, moto huufungua mti, na ufa unazaliwa ambao hauonekani mpaka kalamu ikiwa mfukoni mwa mtu. Pua ndiyo inayonionya kabla ya jicho. Wala sipenyezi hadi ng’ambo, kwa kuwa biti inayotoka kwa nguvu hung’oa nyuzi za upande wa pili. Naacha milimita chache, nazima, nakata ile ncha kwa msumeno, na tundu linafunuka.

Kiini kimekwisha. Ile sehemu laini ambayo ingeupasua mti imetoka ikiwa unga, na shaba imekaa mahali pake hasa. Kisha napitisha ufito wa chuma ndani ya kibomba, narudisha kipande kwenye kerezo, nakereza nje mara ya mwisho, na nje inaifuata ndani. Wateja wengi hudhani natengeneza kwanza umbo la kalamu halafu natafuta pa kulitoboa.

Fundi anayeanzia katikati ya rula hupata kitu kizuri siku ya kwanza. Kiini hakijaondoka, kimebaki ndani ya ukuta wa kalamu, kimelala mshazari, na kiangazi kikija kinapasuka hapo. Nawaambia vijana wanaokuja kujifunza kwangu kwamba sisi wa wilaya hii tumeishi juu ya mstari wa rula na tunajua unavyofanya. Mwaka 1894 Waingereza na serikali ya Mfalme Leopold walikubaliana juu ya mpaka uliofuata meridiani ya 30 mashariki, mstari ambao unapita kidogo tu magharibi ya mji wa Kasese na kuiacha Bwera yote upande wa Kongo. Ulinyooka kuliko chochote nitakachotoboa maishani. Wapimaji walipokuja na vyombo vyao mlimani ikawa ubishi, na makubaliano ya Brussels ya mwaka 1910 yakausogeza mpaka hadi kwenye vilele vya Rwenzori na kuteremka na Mto Lhubiriha. Mto una mapindo, na bado uliwapita Bayira katikati: wa huku wakaitwa Bakonzo, wa kule Banande. Mama anayevuka daraja la Mpondwe kwenda kumzika kaka yake Kasindi anaonyesha karatasi kwa mlinzi ambaye huenda ni binamu yake. Hakuna aliyekosea hesabu. Waliweka mstari bila kuuliza maisha ya wale watu yalianzia wapi, na nyufa zimekuwa zikitokea tangu hapo.

Katekista alinisikiliza mpaka hapo, kisha akasema, “Basi nimwanzie pale alipoumia. Nimfanye asimulie.”

Nilimkatalia, na nilimkatalia kwa sababu ya baba yangu. Baba alitoboa miamba Kilembe, katika ule mgodi wa shaba uliofunguliwa mwaka 1956, mwaka uleule reli ilipofika Kasese, ukafanya kazi hadi 1982. Shaba yao ilipanda treni hapa mjini kwenda kuyeyushwa Jinja. Kiswahili ninachoandikia leo nilikipata kutoka kwake, naye alikipata shimoni, ambako Mkonzo, Mkiga na mtu wa Kongo hawakuwa na lugha nyingine ya kuonyana mwamba ukianza kulia. Na onyo kubwa kuliko yote lilikuwa juu ya matundu ya jana. Baada ya mlipuko hubaki vishimo kwenye uso wa mwamba, miisho ya matundu yaliyotobolewa zamu iliyopita. Biti hupenda kuingia humo: njia imeshafunguliwa, haitelezi, kazi inaonekana nusu imekwisha. Lakini chini ya kishimo inaweza kuwa imelala baruti ambayo haikulipuka. Kwa hiyo mtoboaji huanza tundu jipya kando, kwenye mwamba mzima, hata mikono ikiwa imechoka.

Kijana wa Bwera ana tundu la jana, na kila mtu analiona. Wahubiri wanaopita wanataka apande jukwaani aeleze damu aliyoiona, watu walie, sadaka ijae. Nalichukia jambo hilo waziwazi. Wale wa msituni walitumia njia ileile: walikuta watoto waliokwisha toboka, huyu kafiwa na baba, yule kanyang’anywa shamba, wakapitisha chuma chao humo bila kutoa jasho. Hatuwezi kumwokoa mtu kwa kupitia mlango waliomwibia.

“Jeraha si kiini, Mwalimu,” nilimwambia. “Kiini kilikuwepo kabla ya jeraha. Alikuwa nani kabla hajachukuliwa?”

Mzee alinyamaza akifikiri. Kisha akasema bibi wa kijana bado yu hai, na humkumbuka akiwa mtoto wa kuhesabu. Msimu wa kahawa alikaa kando ya mlango akihesabu madebe yanayoingia, na akikosea alilia, akaanza upya tangu la kwanza, hata watu wazima wakimwambia debe moja si kitu.

“Anzia hapo,” nikasema.

“Nimpe daftari la zaka? Wataniua, fundi.”

“Mpe lolote la kuhesabiwa kwa haki.”

Hilo lilimsumbua, na linanisumbua mimi vilevile. Najua ninachokiomba. Mti mlimani ulinenepa upande mmoja kwa sababu mteremko uliuvuta, na bila unene huo ungekuwa umelala bondeni. Nikiukereza, sifanyi kazi hiyo kwa hasira. Mtoto aliyejifunza kutomwonea mtu huruma alijifunza ili aone kesho. Lakini mteremko haukushika panga. Siwezi kusimama mbele ya mzazi aliyezika mtoto wa Lhubiriha nikamwambia alaumu kilima. Anayetaka kupitishwa shaba lazima akubali patasi, na unene utakaoondolewa ndio ule ule uliomfikisha hai hadi hapa. Itauma, na inapasa aambiwe mapema kwamba itauma. Ubatizo usiodai hivyo ni kupaka vanishi.

Kuna pia jambo la urefu. Mafundi wapya huniuliza kwa nini sitoboi kalamu nzima kwa mara moja, kipande kimoja kirefu, kisha nikakata. Kwa sababu tundu hupotea kadiri linavyokwenda mbali na mdomo wake. Nusu milimita ya kupotoka mwanzoni haidhuru chochote ndani ya sentimita 5. Ukiendelea hadi sentimita 15 imekwisha toboa ukuta. Na kiini chenyewe ni hivyohivyo. Kwenye shina zima kimejipinda hivi kwamba hakuna biti iliyonyooka inayoweza kukifuata, lakini kikate vipande vifupi, na katika kila kipande kinakuwa karibu na mstari, kiasi kwamba tundu la milimita 7 linakimeza chote. Mti uliopinda mita nzima una sentimita 5 zilizonyooka, na baada yake 5 nyingine. Kant alikuwa anatazama shina zima. Hapo ndipo ninapoachana naye, kwa heshima, kwa kuwa kila wiki natoa vitu vilivyonyooka kwenye mti anaousema.

Nilimwambia katekista asimtake kijana aape maisha yake yote mbele ya kigango. Amtake hesabu ya kweli Jumamosi hii. Ikiwa kweli, amtake nyingine Jumamosi ijayo. Sisi Wakatoliki tuna kitubio kinachorudiwa, na Waislamu wana sala inayorudiwa mara tano kila siku, na nadhani dini zote mbili zilijua kwamba binadamu hatobolewi kwa urefu mmoja.

“Unamfanya Mungu kuwa mdogo,” alisema mzee, na hakuwa anatania. “Wewe una biti fupi. Yeye hana biti fupi. Paulo aligeuzwa njiani kwa siku moja, mtu mzima, shina zima.”

Nilimjibu kwamba Paulo alibaki Paulo: yule mkali aliyekuwa akiwasaka watu kwa barua aliendelea kuwa mkali, akawafuata watu kwa barua. Aligeuzwa alikoelekea, na nyuzi zake ziliachwa zilivyo. Mzee alikubali nusu. Akasema lakini ufufuko utakuwa mwingine. Siku ile kila mti utasimama wima kama uliopandwa tambarare, na mteremko hautakumbukwa.

Hapo ndipo tulipotofautiana kweli, na bado hatujapatana. Mimi ni fundi wa matundu, na Injili ya Yohana ninaisoma nikiwa fundi wa matundu. Aliyefufuka aliwatokea wenzake mikono yake ikiwa na alama za misumari. Mwili ambao kifo hakikuweza kuushika, ambao milango iliyofungwa haikuuzuia, ulikuwa bado na mahali chuma kilipopita, na hapo ndipo Tomaso alipomtambua. Kama yeye hakuyaziba matundu yake, sioni kwa nini tutegemee kwamba yetu yatafutwa. Naamini kijana wa Bwera akifika mbele za Mungu atakuwa na mteremko wake kwenye nyuzi, unaoonekana kwa yeyote ajuaye kusoma mti, na waliouawa watakuwa na majeraha yao, nao watamtazama, naye atawatazama. Sitaki mbingu ambayo watu hao wanakutana bila kukumbuka chochote. Haki gani itatendeka humo?

Katekista alisema Tomaso alionyeshwa majeraha kwa sababu ya udhaifu wa imani yake, na kwamba mtu asijenge mafundisho ya ufufuko wa wote juu ya fadhili aliyofanyiwa mtu mmoja mwenye shaka. Ni hoja nzito, na nimeirudia mara nyingi tangu siku ile nikiwa kwenye kerezo. Wakati huo mvua ilikuwa imekatika na konda wa gari la Bwera alikuwa anaita abiria upande wa pili wa barabara. Aliacha nusu ya fedha, tukakubaliana kalamu ziwe za mkahawa wa Kyarumba zote, na alipokuwa anapanda aliuliza kama naweza kuongeza moja juu ya idadi aliyoagiza, kwa kuwa daftari, kama atalitoa, litahitaji kalamu yake.